Wapagazi wa Uwanja wa Shule

Nyie vijana mnaokuja hapa kwangu Manundu kuniuliza mambo ya ualimu, nitawajibu, lakini msitegemee nisimame. Miguu hii imesimama mbele ya ubao miaka mingi kuliko umri wenu, na sasa imesema basi. Koo nalo limekula chaki mpaka limekwisha. Nikianza kukohoa nisubirini, nitarudi.

Juzi mmoja wenu, yule binti mwenye miwani, kaniambia amepangiwa kulifundisha darasa la sita jinsi Waingereza walivyokuja na meli kuivamia Tanga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Anasema ana picha nzuri ya nyuki kwenye simu, ataanza nayo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mwanangu, kila mwalimu huanza na nyuki. Hata mimi nilianza na nyuki.

Kwa asiyejua, kisa ni hiki. Meli za Waingereza zilifika Tanga zimejaa askari waliotolewa India, watu wamechoka na safari, wengine wamelewa mawimbi. Mjerumani alikuwa na askari wachache mjini, akaongeza wengine kwa treni kutoka upande wa Moshi. Treni hizo zilipita Mombo, zikapita hapa Korogwe, kwenye reli hii hii mnayoiruka mkienda sokoni. Watu wakapigana mashambani na mitaani. Nyuki nao wakachokozwa, wakawavamia watu bila kuuliza nani wa upande gani. Mwisho Waingereza wakashindwa, wakarudi melini, na mizigo mingi wakaiacha nyuma. Ukimaliza kueleza yote hayo, muulize mtoto amekumbuka nini. Atakwambia nyuki.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule moja ya Handeni, ndani kabisa. Mimi binti wa Kishambaa niliyekulia Lutindi kwenye mvua na ukungu, nikapelekwa mahali ambapo ndoo ya maji inalindwa kuliko redio. Watoto wale hawakuwahi kuiona bahari, na sasa mimi niwaeleze uvamizi wa kutoka baharini. Nikajiona mjanja. Nikawaambia, "Bahari ni kama lambo letu pale chini, ila kubwa sana, ng'ambo haionekani."

Mkono ukanyooshwa. "Mwalimu, inakauka mwezi wa ngapi?"

"Haikauki."

Darasa zima likaniangalia kama linavyomwangalia mtu anayesema uongo mchana kweupe. Mwingine akauliza, "Sasa hao Waingereza mbona hawakusubiri kiangazi, maji yapungue, wapite kwa miguu?" Mwingine akataka kujua ng'ombe wananywea upande gani. Nikajibu kwamba ng'ombe hawanywi, maji yale ni ya chumvi. Mwe! Hapo ndipo niliwapoteza kabisa. Maji yasiyokauka halafu hayanyweki? Kwa mtoto wa Handeni hayo ni matusi.

Kwa hiyo msianze na bahari. Anzeni na kuvuka. Siku ya mvua sisi tuliwapeleka kwenye korongo karibu na shule, maji yakiwa ya magotini tu, tukamwambia mtoto avuke viatu mkononi na madaftari kichwani, na ng'ambo amesimama mwenzake na kijiti cha kumgusa. Mtoto akivuka mara moja hivyo, hutahitaji kumweleza tena ugumu wa kushuka majini huku adui amekaa pakavu anakungoja. Ameshaujua kwa miguu yake.

Ujanja huo haukuwa wangu. Ulikuwa wa mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Maganga. Huyu alikuwa Mnyamwezi aliyezaliwa kwenye kambi za mkonge hapa Korogwe, baba yake akiwa amekuja kutoka Tabora kukata mkonge. Mtu mnene, mcheshi, anayepiga chafya kama mlango unaobamizwa. Kwa kuwa Wanyamwezi na Wazigua ni watani, kijiji kizima kilikuwa uwanja wake wa kuchezea. Angeingia nyumba ya mtu akafunua sufuria, akaonja mboga, akasema haina chumvi kama mwenye nyumba asivyo na akili, na mwenye nyumba angecheka na kumrudishia matusi makubwa zaidi. Mimi mwanzoni niliogopa. Nilidhani siku moja watamkata panga.

Maganga ndiye aliyeniambia, "Mwalimu, wewe unaongea sana. Wachezeshe."

Basi tukavichezesha vita vya Tanga kwenye uwanja wa mpira. Goli la chini likawa bahari. Goli la juu likawa Moshi. Kundi moja Waingereza, kundi moja askari wa Mjerumani wanaokuja kwa treni wameshikana mabega, puu, puu, puu. Mara ya kwanza Waingereza walifika Tanga, wakaiteka, wakaanza kushangilia, treni haijatokea. Kuangalia, imesimama katikati ya uwanja. Nikapiga kelele, "Nyie, mbona mmesimama?" Dereva wa treni, mtoto aliyewahi kupanda basi la Lushoto, akanijibu, "Mwalimu, hapa Mombo. Abiria wanakula."

Maganga alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikawaambia mahindi ya kuchoma watayakuta Tanga, wapande haraka.

Shida ilikuwa nyuki na wapagazi. Kila mtoto alitaka kuwa nyuki, maana nyuki anaruhusiwa kumfinya yeyote. Wapagazi hakuna aliyetaka. Lakini vita haviendi bila wapagazi, mjue hilo. Barabara hazikuwepo, ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o, na kila risasi na kila gunia la unga lilipanda juu ya kichwa cha mtu. Tukapiga kura. Waliokosa bahati wakapewa mitita ya kuni za kupikia uji, wakaweka ngata kichwani, wakajipanga mstari pembeni ya uwanja.

Siku ninayotaka kuwaambia, mchezo ulinoga mno. Nyuki waliwafukuza Waingereza mpaka nyuma ya vyoo. Kengele ikalia, watoto wakatawanyika wakipiga kelele, mimi nikaingia ofisini kunywa chai. Chai ilikuwa imefika nusu kikombe nilipochungulia dirishani nikaona wapagazi bado wamesimama. Mstari umenyooka, kuni kichwani, jua la Handeni linawapiga. Nikatoka mbio.

"Nyie mnafanya nini hapo?"

Wa mbele alikuwa msichana anaitwa Zaina, mwembamba, shingo inatetemeka. Akasema, "Hatujaambiwa tutue."

Nikawatua mimi mwenyewe, mmoja mmoja, nikiwacheka na kuwapa pole. Nilijua yameisha.

Kesho yake asubuhi akaja bibi yake Zaina. Bibi Mwanaidi alikuwa mzee wa kukubalika, mkulima, mgongo umepinda lakini sauti haijapinda hata kidogo. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba, akakataa kiti, akaegemea fimbo yake mlangoni mwa ofisi. Nikajua amekuja kunigombeza kwa ajili ya shingo ya mjukuu wake.

Akaniuliza, "Mwalimu, hao wapagazi wenu jana, mlipomaliza vita walikwenda wapi?"

"Walikwenda nyumbani, bibi. Niliwaruhusu."

"Wa kwenu walikwenda nyumbani," akasema. "Na wa kwetu?"

Sikuelewa. Akanieleza akiwa amesimama pale pale. Wakati vile vita vinaanza Tanga, watu walikuja kijijini kuchukua wanaume wa kubeba. Baba yake, jina lake Mdoe, akachukuliwa na wenzake. Yeye Mwanaidi alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Wenzake baba, mmoja au wawili, walirudi baada ya miaka, wamekonda, wakasema waliachana naye njiani akiwa hai. Basi. Hakuja mtu mwingine kusema lolote. Mama yake hakukaa eda, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ni mjane. Akazeeka akiitwa mke wa msafiri, akafa hivyo hivyo.

"Sasa kwangu kumezaliwa mtoto wa kiume," akasema. "Mdogo wake Zaina. Jina la chuoni, la dini, amepewa, la ukoo bado. Mimi nataka aitwe Mdoe. Wazee wamekataa."

Walikuwa na sababu, na msiicheke. Kwa ukoo ule jina linarithiwa kwa marehemu aliyeliliwa. Mtu ambaye hakuliliwa bado yuko njiani, na ukimpa mtoto jina la mtu aliye njiani, mtoto naye ataifuata njia hiyo na hatarudi. Na msiba hauwezi kuanzishwa na wenye nyumba. Lazima mtu aje mlangoni, aseme kwa mdomo wake kwamba fulani amefariki. Wazee walimuuliza bibi swali moja tu: nani kaleta habari?

"Wewe unafundisha vita hivyo," akaniambia. "Niambie baba yangu alifia wapi. Mimi nimeshazeeka. Nikiondoka, nani atakumbuka kumdai?"

Vijana, nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii. Nimeulizwa na wakaguzi, nimeulizwa na wazazi walevi. Hakuna lililonichosha kama hilo. Nikasema, "Sijui, bibi." Akatikisa kichwa taratibu, akasema asante mwalimu, akaenda zake. Nilitamani anitukane.

Jioni nilimwendea Maganga na kitabu cha historia mkononi. Nilikuwa na hasira, sijui hata kwa nani. Nikamwambia humu kuna majina ya majemadari, kuna majina ya meli, hata nyuki wamepewa aya yao nzima, lakini mtu aliyebeba gunia hana hata herufi moja. Nikamweleza habari ya Bibi Mwanaidi yote.

Hakucheka. Akauliza, "Kwa hiyo wanachosubiri ni mtu wa kuleta habari?"

"Ndiyo."

Akapiga ile chafya yake, akafuta pua. "Jumamosi jifunge kanga mbili," akasema. "Tutakwenda mahali."

Jumamosi nilimkuta nyuma ya nyumba yake, nikadhani amepata kichaa. Amejipaka majivu uso mzima. Amevaa gunia lililotobolewa kichwa na mikono. Kichwani ngata, na juu ya ngata sanduku bovu la bati. Tukapita katikati ya kijiji hivyo, yeye mbele, mimi nyuma nimejifunika uso kwa aibu, na watoto wanatufuata wakizomea.

Kwa Bibi Mwanaidi tulikuta watu wengi uani. Wanawake wanapukuchua mahindi, wanaume wamekaa kwenye mkeka. Maganga akasimama mlangoni na mzigo wake.

"Hodi humu!"

"Karibu, karibu mtani," wakaanza kucheka.

"Sikaribii! Mnakaribisha watu na nyumba ina msiba? Nyie Wazigua mtaacha lini uzembe? Mtu kafa, hamjalia, mmekaa mnapukuchua mahindi!"

Kicheko kikapungua. Mzee mmoja mwenye kofia, kaka wa marehemu mume wa bibi, ndiye aliyekuwa anakataa lile jina kuliko wote. Akauliza, "Kafa nani?"

"Mdoe."

Mikono ya wanawake ikasimama juu ya ungo.

"Kafia wapi?" akauliza yule mzee, sauti imeshuka.

"Njiani, mzigo kichwani. Babu yangu alikuwa nyuma yake kwenye mstari. Alimtua mzigo, akamfukia vizuri, akatuagiza sisi tukifika Uzigua tuseme. Tumechelewa. Tulikuta ugali njiani."

Wazee wakatazamana. Mtani huwezi kumfukuza msibani, na huwezi kumwapisha. Anayosema mtani hayaulizwi shahidi, na msiba akishauleta mtani umeshafika. Yule mzee wa kofia akaivua kofia yake akaiweka gotini.

Bibi Mwanaidi akainuka kwa fimbo yake. Akaja mpaka mbele ya Maganga, akamtazama yale majivu, na lile gunia, na lile sanduku ambalo bado lilikuwa kichwani.

"Wewe Mnyamwezi," akasema. "Hayo ni kweli, au ni utani?"

Nilijua akisema kweli ameongopa, na akisema utani amemuua yule bibi.

Akasema, "Bibi, lia kwanza. Ukimaliza kulia, uniulize."

Bibi akaishika ile kona ya sanduku kama anayetaka kumsaidia kulitua. Halafu akaita, "Baba!" Mara moja tu kwa sauti kubwa, kisha ndogo ndogo, baba, baba, baba. Mwanamke mwenye vitukuu analia baba. Wanawake wakaweka mikono kichwani, nyumba nzima ikakipokea kilio, na mimi niliyekuja nimejifunika uso kwa aibu nikajikuta nalia nao humo humo. Walipomtua Maganga lile sanduku, alijitupa kwenye mkeka, akasema haondoki bila kuku, akamnyang'anya yule mzee kofia akaivaa juu ya majivu. Watu wakawa wanalia na kucheka kwa pamoja, kama inavyotakiwa penye watani. Matanga yakakaliwa. Dua ikasomwa. Ilipoisha, mtoto akaletwa, bibi akamwita Mdoe, na safari hii hakuna aliyepinga.

Bibi hakumuuliza tena Maganga lile swali. Mimi ndiye niliyemuuliza, tukiwa tunarudi shuleni siku ile ya kwanza, jasho limechora michirizi kwenye majivu yake.

"Mwalimu, babu yako alikuwa naye kweli?"

"Babu yangu alichukuliwa kule Tabora, baba akiwa bado tumboni," akasema. "Hakurudi. Angeniagiza saa ngapi?"

"Na kwenu nani alileta habari?"

Akahamisha sanduku kutoka bega moja kwenda jingine. Akaniuliza kama nimeshasahihisha madaftari ya darasa la tano. Nikasema bado. Akasema basi niyamalize kabla ya Jumatatu.

Mimi siwezi kukaa na jambo, nyie mnanijua. Siku ya kufunga matanga nilimnong'oneza Bibi Mwanaidi maneno yale ya Maganga. Alinisikiliza, akaendelea kugawa ubwabwa.

Wiki ile ile, mapumziko ya saa nne, walimu tuko barazani, tukasikia watoto wanapiga kelele getini. Bibi Mwanaidi anaingia. Hana fimbo. Amejipaka majivu, na kichwani amebeba mtita wa kuni, mgongo wake ule uliopinda, anatembea hatua kwa hatua, na Zaina pembeni anamshika kiuno asianguke. Akaja moja kwa moja mbele ya mwalimu mkuu.

"Nyie Wanyamwezi hamna haya!" akafoka. "Unakunywa chai na kwenu kuna msiba?"

Maganga akacheka, akasimama kumjibu, tayari ameshapata tusi zuri, nililiona mdomoni mwake.

"Babu yako kafa," bibi akasema. "Baba yangu alikuwa mbele yake kwenye mstari. Ndiye aliyemtua."

Lile tusi halikutoka. Maganga alibaki na kikombe mkononi. Akasema taratibu, "Bibi, baba yako si ndiye aliyetangulia kufa?"

"Lia kwanza," akasema bibi. "Ukimaliza, uniulize."

Yule mtu mnene akakaa kwenye ngazi ya ofisi yake, mbele ya shule nzima, akajifunika uso kwa mikono yenye chaki. Mimi nilimfuata bibi, nikaukamata mtita, kwa sababu alikuwa amesahau kwamba bado ameubeba.

Wote wawili wameshatangulia sasa, na wote wawili nimewalilia. Mdoe ni mtu mzima, anauza spea za pikipiki hapa hapa Manundu, na kila siku nasikia watu wanamwita kutoka ng'ambo ya barabara naye anaitika. Mimi nimechoka, naomba mniwashie redio mkitoka. Binti, waoneshe hao nyuki wako, siwakatazi, watoto wacheke. Ila mchezo ukiisha, kabla kengele haijalia, nenda kwa wale wa pembeni, waite kwa majina yao mmoja mmoja, uwaambie watue.